Simu yako inatazama gari tu, au inaikagua pia? Uzi kwa wanunuzi wa gari za mkononi Dodoma

Mleta uzi:

Wakuu, salamu. Uzi ni mrefu, nisameheni, lakini hela inayozungumziwa humu kwa wengi wetu ni akiba ya miaka.

Zamani mtu wa Dodoma akitaka gari alikuwa na njia mbili. Alisubiri mtumishi anayehamishwa au mfanyabiashara wa Majengo anayebadilisha gari auze. La sivyo alipanda basi kwenda Dar, akapokelewa na dalali, akazungushwa yadi moja hadi nyingine tangu asubuhi. Jioni miguu inauma, mfukoni kuna fedha ambayo hataki kulala nayo gesti, na bei anayoijua ni ile aliyotajiwa na dalali peke yake. Mtu aliyechoka hivyo hajadili bei, anakubali yaishe.

Hali imegeuka. Tangu serikali itangaze kuhamia hapa mwaka 2016, na Dodoma ikapewa hadhi ya jiji mwaka 2018, wanunuzi wameongezeka na wauzaji wamewafuata. Mtu wa Nzuguni anafungua Instagram kabla ya chai, anaziona IST, Raum na Passo nyingi kuliko alizokuwa akiziona kwa siku nzima ya kuzunguka Dar. WhatsApp za madalali hazilali. Kuna tovuti za matangazo kama Kupatana na Jiji, kuna Facebook. Na tangu treni ya SGR ianze kufika hapa mwaka 2024, unaweza kwenda Dar asubuhi, ukaikagua gari, ukaiendesha kurudi ukipitia Chalinze na Morogoro.

Yote hayo ni mema na nayafurahia. Kinachonisumbua ni kwamba simu tumeipa kazi ya kutazama tu. Kazi ya kukagua bado tumemwachia muuzaji na fundi aliyekuja naye. Wakati simu hiyo hiyo, bila kuinuka kwenye kiti, inaweza kukwambia mambo ambayo muuzaji hakupanga kuyasema.

Nianze na picha, maana ndizo zinazotuvuta. Gari ikipigwa picha ikiwa imetoka kuoshwa, ina maji maji, huoni tofauti ya rangi kati ya mlango na fenda. Jua kali la saa sita nalo linameza mabonde. Kwa hiyo picha nzuri ichukue kama mwaliko wa kwenda kuona, usiifanye ushahidi. Halafu ipitishe kwenye Google Lens. Ukiikuta picha ile ile kwenye tovuti ya muuzaji wa Japani, au kwenye tangazo la mji mwingine lenye bei nyingine, huyo anayekutangazia huenda hajawahi hata kuigusa gari hiyo.

Omba simu ya video, ya moja kwa moja, usikubali iliyorekodiwa. Mwambie aanze na namba ya gari, afungue boneti akuoneshe namba ya chesesi iliyogongwa kwenye bodi, kisha awashe injini ikiwa ya baridi. Hilo la baridi lisisitize. Gari iliyopashwa moto kabla yako inaficha kelele nyingi za asubuhi na moshi wa mwasho wa kwanza. Muuzaji mwenye gari yake hawezi kukosa dakika kumi za kukuonesha.

Sasa bei. Sokoni kwetu bei inapangwa kwa herufi za namba: "IST namba C", "IST namba D", "IST namba E". Mtu anaongeza fedha nyingi ili tu apate E. Wakuu, herufi hiyo inaeleza gari ilisajiliwa lini Tanzania. Haielezi ilitengenezwa lini. IST ya toleo la kwanza ilitengenezwa kati ya 2002 na 2007. Iliyotengenezwa 2004 ikaingia nchini juzi itakuwa na E, na ya 2007 iliyoingia zamani ina C. Tena hapa Dodoma kuna jambo la ziada: gari za serikali na za miradi zikiuzwa kwenye mnada, zinavuliwa namba za STK au DFP na kusajiliwa upya kwa namba za kawaida. Unaweza kukuta Land Cruiser au Hilux yenye herufi changa ambayo imeshapiga barabara za vumbi kwa miaka mingi. Mwaka wa kutengenezwa umeandikwa kwenye kadi. Usome hapo.

Chombo kinachonifurahisha kuliko vyote ni kikokotoo cha TRA cha gari zilizotumika. Kipo mtandaoni, ni bure. Unachagua aina ya gari, mwaka, ukubwa wa injini na nchi ilikotoka, kinakupa thamani ambayo TRA inaitumia na kodi zake zote. Watu wanadhani ni cha waagizaji tu. Hata anayenunua gari ya jirani Kisasa kinamfaa, kwa sababu kinamwonesha gari ya namna hiyo ingemgharimu kiasi gani ikishuka leo bandarini. Akijumlisha na gharama za bandari, za wakala wa forodha na usajili, anapata dari la bei. Gari iliyokwisha kutumika hapa nchini haina sababu ya kupita dari hilo.

Nieleze kwa nini kodi inakuwa kubwa, maana wengi wanaishangaa. Chukua kila shilingi 100 ya thamani. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, inakuwa 125. Juu ya hiyo 125 kuna ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wa injini. Injini iliyopita cc 1000 hadi 2000 ni asilimia 5, yaani 6.25. Halafu uchakavu: gari iliyopita miaka 10 inatozwa asilimia 30 ya ile 125, yaani 37.5. Hapo umefika 168.75, na VAT ya asilimia 18 inakaa juu yake, unafika karibu 199. Bado kuna tozo ya reli na ada ndogo ya forodha. Maana yake kodi ya gari kuukuu inalingana na thamani ya gari yenyewe. Na thamani hiyo ni ya kwenye orodha ya TRA, si ile uliyobembeleza ukapunguziwa na muuzaji wa Japani. Gari yenye miaka 8 hadi 10 uchakavu wake ni asilimia 15, kwa hiyo mara nyingine gari changa kidogo inakuja na tofauti ndogo ya gharama kuliko unavyodhani. Fanya hesabu za miaka miwili mitatu tofauti kabla ya kuamua.

Kilomita. Hapa ndipo watu wanaumia kimya kimya. Kurudisha kilomita nyuma ni kazi ya fundi umeme mwenye kompyuta, haichukui muda. Lakini gari ya Japani inasafiri na karatasi zake. Ikiuzwa kwenye mnada kule, inakaguliwa na kupewa daraja kwenye karatasi ya mnada: 4 au 4.5 ni nzuri, 3.5 inakubalika, na herufi R ni gari iliyowahi kugongwa ikatengenezwa. Kuna mchoro wa bodi wenye alama: A ni mkwaruzo, U ni bonde, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupakwa rangi, XX ni sehemu iliyobadilishwa. Karatasi imejaa Kijapani, lakini simu yenye kamera ya kutafsiri inaisoma vya kutosha. Kuna pia cheti cha kusafirisha gari nje ya Japani, ambacho kinaonesha kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi wa kule. Mwambie muuzaji akutumie nakala. Mfano, cheti kikiwa na kilomita 118,000 na dashibodi leo inasema 96,000, mazungumzo yameisha.

Jambo moja la kuwaokolea hela: kuna tovuti za kimarekani zinazouza historia ya gari kwa namba ya chesesi. Zinahitaji namba yenye jumla ya herufi na tarakimu 17. Gari zilizotengenezwa kwa soko la ndani la Japani, ambazo ndizo zimejaa Dodoma, hazina namba ya aina hiyo. Zina namba fupi, kama NCP60 au NCP61 kisha tarakimu zinazofuata. Usilipie ripoti ambayo haiwezi kuwa na gari yako. Na namba fupi hiyo yenyewe inasema kitu: NCP60 ni IST ya injini ya 1.3, NCP61 ni ya 1.5. Tangazo likisema cc 1490 na chesesi ikasema NCP60, uliza injini ilibadilishwa lini na kama kadi ilirekebishwa.

Mwisho, madeni. Kwenye mfumo wa polisi wa usalama barabarani unaingiza namba ya gari, unaona faini zisizolipwa. Nyingine ni za kamera ambazo dereva hakujua hata kama alipigwa. Faini zikiwa nyingi, huenda gari hiyo imekimbizwa sana, na hilo nalo ni taarifa. Kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, unaangalia bima kama ni ya kweli na kama maelezo yanafanana na gari uliyoiona. Baada ya hapo nenda ofisi ya TRA na nakala ya kadi uthibitishe jina la mmiliki na kama gari haijafungwa kwa mkopo. Siku hizi kadi nyingi zimelala kwa wakopeshaji wa kausha damu. Mtu anayekwambia kadi "ipo nyumbani kwa mama Singida" mwache aende kuichukua kwanza.

Karibuni mchangie.

Fundi, Chang'ombe:

Umeongea vizuri mkuu, ila mashine za kusoma makosa, yaani kasoro zinazorekodiwa na kompyuta ya gari, hukuzigusa. Niongezee.

Vijana wanakuja gereji na vile vidude vya Bluetooth vya bei rahisi, wamepakua programu, wanachomeka. Kwenye gari nyingi za Japani za mwanzoni mwa miaka ya 2000 havisomi kabisa, au vinasoma nusu. Si kwamba gari ni mbovu. Zinatumia lugha yake, zinahitaji mashine inayojua Toyota. Kwa hiyo kidude kisiposoma usikimbie, na kikisema hakuna kosa usishangilie.

Makosa yanafutika. Muuzaji anafuta asubuhi, wewe unakuja saa nne, dashibodi safi. Mashine nzuri kwenye gari za karibuni inaonesha gari imetembea umbali gani tangu makosa yafutwe. Ukiona kilomita chache sana, muulize alifuta nini.

Na kuna kitu hakihitaji mashine yoyote. Fungua swichi bila kupiga stata. Taa ya injini lazima iwake, kisha ukiwasha injini izime. Isipowaka kabisa mwanzo, kuna mtu ameiua ili usione. Hilo nimewaonesha wateja wengi hapa, wengine gari walikuwa wameshalipia.

Gari za Dodoma angalieni vumbi. Fungua boksi la ea klina. Ukikuta chujio limepasuka au halikai sawasawa, injini imekula mchanga. Hilo hakuna simu itakayokuambia. Oili ya gia nayo vuta kijiti uinuse. Ikinuka kuungua, bei unayoambiwa ijumlishe na gia nyingine.

Mleta uzi:

Fundi, ahsante sana, na hilo la taa naomba kila msomaji alishike. Niongeze kwa wanaonunua: fundi mlipe wewe, na mtafute wewe. Fundi anayelipwa na muuzaji au anayesubiri chochote kutoka kwa dalali hawezi kukuambia "usinunue", hata akiwa mtu mwema.

Dalali, Sabasaba:

Naomba tusipakwe wote tope moja. Mimi ni dalali na mtandao umenisaidia kuwa mkweli zaidi, kwa sababu mteja anakuja anajua. Nina wateja wa Manyoni, Kondoa, hata Singida mjini, wananunua kupitia kwangu kwa sababu nawatumia video ya chini ya gari, tairi, na kutu ilipo. Nikificha, kesho ananiandika kwenye kundi la watu mia mbili na biashara yangu imekufa.

Ila kuhusu kikokotoo, wateja wanakuja na namba ya TRA mkononi kama wameandikiwa hati. Wanasahau gari imekaa bandarini, imelipiwa wakala, imeletwa hadi Dodoma kwa mafuta na dereva, imekaa yadi miezi ikisubiri mnunuzi, na mtaji wangu umelala. Na dola ikipanda, gari niliyoileta mwezi huo nimeinunua kwa bei ya mwezi huo. Mtuachie na sisi tule.

Mleta uzi:

Kaka uko sahihi na nakuheshimu kwa kujitokeza. Gharama ulizozitaja ni za kweli na mnunuzi lazima aziweke kwenye hesabu. Dari nililolisema ni kwa gari ambayo imeshatumika hapa nchini. Gari yako iliyotoka bandarini, haijasajiliwa kwa mtu, ina haki ya faida juu ya gharama. Ninachopinga ni gari ya namba D yenye miaka kadhaa ya barabara ya Mtera kuuzwa kwa bei ya iliyoshuka juzi, kwa sababu tu picha imependeza.

Na hilo la kuonesha kutu nimelipenda. Andikeni kasoro kwenye tangazo. Mimi gari iliyoandikwa "shokapu za nyuma zimechoka, bonde dogo mlango wa kulia" naifuata kwanza kuliko iliyoandikwa "haina hata doa".

Mwalimu, Kondoa:

Habari zenu. Nimeona Raum kwenye ukurasa mmoja wa Instagram, muuzaji yuko Dar. Bei iko chini kidogo ya nyingine. Anasema kuna watu watatu wanaisubiri, nitume advansi kwenye simu ili aniwekee hadi mwisho wa mwezi. Amenitumia na picha ya kitambulisho chake. Nifanyeje? Kusema kweli nimeipenda.

Mleta uzi:

Mwalimu, usitume. Nakuomba kabisa.

Picha ya kitambulisho haithibitishi chochote. Inaweza kuwa ya mtu mwingine aliyetumiwa hivyo hivyo akaombwa kitambulisho "kwa ajili ya mkataba". Hao watu watatu wanaosubiri kila mnunuzi huambiwa wapo. Fedha ikienda kwenye namba ya mtu binafsi na ikatolewa, kuirudisha ni kazi ya polisi na mtandao wa simu, na mara nyingi inakuwa imeshatoka.

Fanya hivi: mwombe simu ya video sasa hivi, akiwa amesimama kwenye gari, na namba unaiona. Akileta sababu, umeshapata jibu. Akikubali, tafuta ndugu au fundi aliyeko Dar aende kuigusa kabla ya shilingi yoyote kutoka. Angalia na kama huo ukurasa ulibadilisha jina. Instagram kwenye sehemu ya taarifa za akaunti inaonesha ilifunguliwa lini, na kwa akaunti nyingi inaonesha imebadilisha jina mara ngapi. Ukurasa uliokuwa unauza mawigi mwaka jana na leo unauza magari, uwe macho nao.

Mdau, Miyuji:

Na tunaoagiza moja kwa moja Japani? Kaka yangu ameletewa invoisi kwa barua pepe, siku mbili baadaye ikaja nyingine inasema akaunti imebadilika kwa sababu ya ukaguzi wa mahesabu.

Mleta uzi:

Asilipe hadi azungumze nao kwa sauti. Achukue namba ya simu kwenye tovuti yao rasmi, aiandike mwenyewe, asiichukue kwenye hiyo barua ya pili. Wezi wanaingia kwenye barua pepe ya mnunuzi au ya muuzaji, wanasoma mazungumzo yote, halafu wanatuma invoisi inayofanana kila kitu isipokuwa akaunti. Aangalie pia anwani iliyotuma, herufi kwa herufi. Mara nyingi kuna herufi moja imeongezwa. Na akaunti ya kampuni ya Japani kuwa nchi nyingine kabisa ni sababu tosha ya kusimama.

Wakati wa kuagiza, ombeni karatasi ya mnada kabla ya kulipa, isiwe baada. Waagizaji wa hapa mna nafasi ambayo sisi wa gari za mkononi hatuna: gari bado iko kule na mnaweza kukataa.

Mwalimu, Kondoa:

Mrejesho. Nimemwomba video, kasema bando limeisha. Nikamtumia bando. Sasa hivi hapatikani na amenizuia kwenye WhatsApp.

Fundi, Chang'ombe:

Pole mwalimu. Bando ni hasara ndogo. Ukipata nyingine Dodoma hapa nitafute kupitia mleta uzi, nitaipima bila malipo.

Mama, Ilazo:

Nami nina swali wanangu. Shemeji yangu anatuuzia gari yake, anahamia Mbeya. Hati zote zipo, hakuna wasiwasi naye. Anasema tuendelee kuitumia kwa jina lake, tutahamisha umiliki tukipata nafasi. Kuna ubaya?

Mleta uzi:

Mama, hamisheni sasa, akiwa bado yuko Dodoma. Ubaya uko pande zote mbili. Faini zote mtakazopigwa zitasoma kwenye gari yenye jina lake, na ikitokea ajali yeye ndiye atakayetafutwa kwanza. Upande wenu, mkitaka kuiuza au akatokea mtu anayemdai shemeji, gari kisheria bado ni yake. Na Mungu apishe mbali, mwenye jina akifariki, mtaingia kwenye mambo ya mirathi kwa gari mliyoilipia wenyewe.

Andikeni mkataba wa mauziano mbele ya wakili, mwende TRA wote wawili na TIN zenu, kadi halisi na vitambulisho. Mtapewa kontroli namba ya ada ya uhamisho na ushuru wa stempu, mnalipa kwa simu au benki. Kabla ya kulipa, pitisheni namba ya gari kwenye mfumo wa faini, na zilizopo azilipe shemeji kabla hajaondoka.